Wakili Wangu Anakunywa Chai na Adui

Chamazi, Temeke,
Dar es Salaam.
Jumapili, 22 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Sesilia,

Pokea salamu nyingi za kaka yako, anayezidi kunenepa pasipotakiwa na kukonda panapotakiwa. Hujambo huko Gaborone? Baridi ya Juni imekukuta na blanketi la maana, au bado unajifunika kanga ukidhani uko Mtwara? Wodini wanakuheshimu? Na lile goti, bado linalalamika ukipanda ngazi? Mie ni mzima, ukiacha presha, ambayo daktari anasema ni ya chumvi na mie nasema ni ya mahakama. Mdogo wetu Marietha mzima, cherehani yake nzima, na wanawe wanakua kwa kasi ya kumaliza sare za shule. Wifi yako anakusalimu, ila anaomba usimletee tena yale mafuta ya kupaka ya huko. Yanamwasha.

Utashangaa kuona karatasi wakati sote tuna simu. Mdogo wangu, kwenye lile kundi la ukoo kuna watu arobaini na tatu, na namba tatu kati ya hizo hakuna anayezijua. Nimeuliza mara mbili, kila mtu anajibu kwa kuweka vidole gumba. Ndiyo maana barua hii nimempa mkononi Mwalimu Flaviana, jirani yetu anayerudi huko kazini. Bahasha nimeipaka gundi mara mbili na nimesaini pale inapofungwa. Ukikuta sahihi imekatika niambie.

Basi habari yenyewe. Nyumba hii ya baba, anamoishi Marietha na wanawe, ilibaki kidogo itutoke. Najua uliambiwa vipande vipande, na wewe ukaunga vipande kwa namna yako, kama kawaida yako tangu utotoni. Leo nakupa yote, hata yale yanayonivunjia heshima, ambayo ndiyo mengi.

Wewe uliondoka siku ya tano baada ya maziko ya baba, kwa hiyo siku ya kuanua matanga hukuwapo. Alikuja Bi Mwanaheri wa Buguruni, mtani wetu, ambaye babu zake na babu zetu walitaniana tangu Newala. Alikuja na wenzake wanne, akapita moja kwa moja barazani, akakaa kwenye kiti cha baba, akavaa na kofia ya baba. Akakataa kuinuka.

"Nyumba hii yangu!" akasema. "Leonardi aliniahidi kwa mdomo wake. Nyie Wamakonde fungasheni, mkalale kwenye magogo yenu huko!"

Baba mdogo Venance, ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti wa kikao cha ukoo, akajibu, "Mpeni, mpeni nyumba! La sivyo hicho kiti atakivunja, mnamwona alivyo!" Watu wakacheka mpaka wengine wakalia tena, safari hii kwa raha. Vigelegele vikapigwa. Unajua mwenyewe utani wa msibani ulivyo. Mtani asipofanya vituko, watu wanauliza kama mmegombana.

Sasa katibu wa kikao nilikuwa mie. Walinichagua kwa sababu walisema mtu anayechonga maua kwenye milango pale Keko hawezi kushindwa kuchora herufi. Baba mdogo akaniagiza: andika kila kitu, mahakama inataka kila kitu. Na mie, mdogo wangu, nikiambiwa kila kitu naandika kila kitu. Nikaandika hivi, na nanukuu kwa aibu: "Ajenda ya nne. Bi Mwanaheri alidai nyumba ya Chamazi kuwa aliahidiwa na marehemu. Mwenyekiti alisema apewe. Wajumbe waliafiki kwa vigelegele."

Kikao hichohicho kilinipendekeza mie kuwa msimamizi wa mirathi. Nikapiga fotokopi muhtasari, nikagongewa mhuri serikali ya mtaa, nikapeleka mahakama ya mwanzo pamoja na maombi. Karani akaubandika ubaoni pamoja na tangazo: mwenye pingamizi ajitokeze. Nikarudi kwenye milango yangu nikiwa nimetulia kabisa. Sijui kwa nini. Kwa kawaida mie situlii hata maji yakitoka bombani. Nawaza kwa nini yametoka leo.

Wiki ya mwisho ya tangazo, pingamizi likaja. Limeandikwa kwa jina la Bi Mwanaheri, lakini aliyelipeleka ni mkwewe, Brightson, yule aliyemuoa binti yake mdogo. Kazi yake ni udalali wa viwanja, na nasikia huzisoma mbao za matangazo ya mirathi kama wengine wanavyosoma matokeo ya mpira. Yeye kwao si kusini. Misiba ya kwao haina vituko hivi. Alipokuta karatasi yetu imesema mama mkwe kapewa nyumba, akaomba nakala.

Nilikutana naye getini. Hata hakuwa na ubaya usoni. "Braza Fransis," akaniambia, "mie sina ugomvi na mtu. Mwandiko wako, mhuri wa mtaa wenu, mwenyekiti baba yenu mdogo. Mie nasoma tu kilichoandikwa."

Nilikuwa tayari nimewashuku watu sita kwa kutoa siri hiyo, wakiwemo katekista na mteja mmoja wa Marietha anayeleta magauni ya kupunguza kila wiki, nikajiuliza huyu mwili unapungua au anapeleleza. Kumbe siri niliibandika mwenyewe.

Unakumbuka zamani mahakama ya mwanzo hakukuwaga na mawakili. Mtu ulisimama na kinywa chako kilivyo, ukajieleza. Siku hizi sheria imebadilika. Kama hakimu ni hakimu mkazi, wakili anaingia. Brightson akaja na wakili wake, kijana mmoja nadhifu aitwaye Godlisten, viatu vyake unaweza kunyolea ndevu. Marietha akaniambia, "Kaka, na sie tutafute wetu. Wewe ukisimama pale utaeleza mpaka ugonjwa wa baba."

Nje ya mahakama yupo bwana mmoja na begi la ngozi, hukaa kwenye kibao karibu na mama lishe. Aliniona tu akauliza, "Mzee, mirathi au talaka?" Nikamwuliza kama yeye ni wakili. Akasema ni zaidi ya wakili. Nikamwuliza alisomea wapi. Akasema chuo cha maisha. Hao ndio tunaowaita vishoka, Sesilia, na nakiri kwamba alinivutia, kwa sababu alisema lugha ninayoielewa: karatasi hiyo tunaipoteza, mzee, faili lina miguu. Nikamshuku hapo hapo. Anayeweza kulitembeza faili upande wangu, kesho analitembeza upande wa pili.

Ndipo nikaelekezwa kwa Wahiba Awadh, ofisi yake iko Buguruni, ghorofani juu ya duka la magodoro. Nilitegemea mtu mzima. Nikakuta binti aliyejitanda mtandio, mdogo kuliko viatu nilivyovaa, na meza yake imejaa majalada mpaka nikazungumza na paji la uso tu. Nikajua hapa nimeletwa kupigwa. Buguruni kwenyewe ndiko anakokaa Bi Mwanaheri! Watakosaje kujuana?

Nikamhoji yeye badala ya yeye kunihoji mie. Umesoma wapi, miaka mingapi, nani kakupa ruhusa? Hakukasirika. Akanieleza kwamba shahada ya sheria peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili. Unamaliza chuo kikuu, sherehe inapigwa, mtaa mzima unakuita wakili, na bado wewe si wakili. Unaingia tena shule ya sheria kwa vitendo, unajifunza kuandaa hati, kusimama mbele ya hakimu, kukaa na mteja, na wengi wanaanguka mitihani wakarudia. Yeye alirudia mmoja. Akasema hivyo bila kulazimishwa, na mie nikaongeza kwenye orodha yangu: aliwahi kuanguka. Ukifaulu unaapishwa mbele ya Jaji Mkuu, jina linaingia kwenye daftari la mawakili, unapewa namba, na leseni unaihuisha kila mwaka.

"Namba yangu hii hapa, baba," akasema. "Itafute mwenyewe kwenye mtandao wa mahakama. Usiniamini mie."

Niliitafuta mara tatu. Mara ya tatu nilitumia simu ya Marietha, maana yangu nayo siiamini. Jina lipo, na picha yake, amenuna vilevile.

Basi nikamweleza mpango wetu. Nasema wetu, mdogo wangu, kwa sababu unakumbuka simu uliyonipigia Jumapili ile baada ya misa. Nikamwambia wakili: daftari halisi la kikao ninalo nyumbani. Nitachana ukurasa wa ajenda ya nne, nitaandika muhtasari mpya mzuri, tuseme ile nakala ya kwanza ilikuwa rasimu tu. Akaweka kalamu chini. Kwa mara ya kwanza nikaona macho yake.

"Baba Fransis, nisikilize vizuri. Uliyoniambia hapa ni siri yako, hayatoki mlangoni. Lakini mie ni wakili wako na ni ofisa wa mahakama vilevile. Kukusemea nitakusemea. Uongo wako siubebi. Ukileta daftari pungufu, nitajitoa. Hakimu hatajua kwa nini, wewe utajua."

"Sasa binti yangu, wakili asiyeweza kusema uongo kidogo ana kazi gani?"

"Niletee daftari lote," akasema. "Zima. Na usiliguse."

Nilishuka ngazi zile nikipiga hesabu. Anataka daftari zima. Kwa nini? Kishoka alitaka lipotee, huyu analitaka mkononi. Anamtumikia nani? Nilipofika nyumbani nililitoa kabatini, nikashika ukurasa ule, nikaanza kuchana. Ulichanika kama upana wa vidole viwili hivi, Marietha akaingia kutafuta mkasi wake. Nikafunga daftari kama mtoto aliyekutwa na sukari. Akasimama pale akinitazama, na nyuma yake nikaona vitanda vya wanawe vimetandikwa, na ule ukuta baba aliochorea urefu wa wajukuu. Nikaliacha.

Kesho yake nikalipeleka kwa wakili, na mchaniko wake. Akaanza kusoma. Akafika ukurasa ule, akapitisha kidole kwenye pale palipochanika, akanitazama, hakusema. Akaugeuza nyuma. Akasoma huko muda mrefu. Hakutabasamu, hakuguna. Nikajua tumekwisha.

Siku ya kwanza mahakamani ndipo nilipopata ushahidi wangu, au nilivyodhani. Wahiba na yule Godlisten walisimama mbele ya hakimu, kila mmoja anamwita mwenzake "msomi mwenzangu." Msomi mwenzangu hivi, msomi mwenzangu vile. Wakapangiwa tarehe. Tukatoka nje, nikamtafuta wakili wangu nimuage. Namkuta wapi? Kwa mama lishe, meza moja na Godlisten, chai ya rangi na chapati, wanacheka! Nikajibanza nyuma ya ubao wa matangazo, nikajifanya nasoma mirathi za watu. Nilisikia maneno haya tu. Godlisten alisema, "Wangu ameanza kutambaa, anakula mpaka chaja." Wahiba akasema, "Wangu alimeza kifungo." Nikarudi nyumbani nikayawaza mchana kutwa. Chaja ni nani? Kifungo ni kifungo gani? Pale Ukonga kuna gereza, na mie nimeanza kuchana daftari.

Mbaya zaidi, kabla ya kuondoka nilimwona Wahiba kwa macho yangu akimkabidhi mwenzake nakala za daftari letu. Kurasa zote, mbele na nyuma! Nikampigia simu nikiwa nimepandwa na presha. Nikamwambia, mama, mie nimekuajiri unisemee, nakukuta unamlisha adui chapati na siri zangu.

"Chapati alilipa yeye," akajibu. "Na hizo si siri, baba, ni ushahidi. Nikitaka kuutumia, lazima na yeye auone. Ulitaka nimtukane? Sie tunagombana kwa hoja. Roho zetu hazimo."

Nikasema ndiyo, lakini moyoni nikasema tutaona.

Shauri lilisikilizwa Jumanne, tarehe tatu. Hakimu, kwa kuwa jambo lilikuwa la mila, alikaa na wazee wa baraza wawili, mmoja ana kibarakashia na mwingine anasinzia kwa heshima. Bi Mwanaheri akapanda kizimbani na mkongojo wake, akaapa kwa Mwenyezi Mungu. Godlisten akamwuliza maswali mafupi mafupi. Ulisema nyumba ni yako? Nilisema. Ulisema marehemu alikuahidi? Nilisema. Mwenyekiti alisema upewe? Alisema. Mdogo wangu, na hakuna hata jibu moja lililokuwa la uongo! Nilimtazama Marietha. Alikuwa ameshika ncha ya kanga yake, anaizungusha, anaizungusha.

Wahiba akasimama. "Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Siku ile ulikaa kwenye kiti cha marehemu. Baadaye uliinuka. Kwa nini uliinuka?"

Bi Mwanaheri akamtazama mkwewe. "Niliinuka tu. Mtu hakai siku nzima."

"Hukupewa kitu?"

"Nilipewa jogoo. Mgeni anapewa jogoo."

"Wageni siku ile walikuwa wangapi, bibi?"

"Ah! Wengi, hawahesabiki."

"Na majogoo?"

Yule mzee wa baraza aliyekuwa anasinzia akafumbua jicho moja.

Hapo Wahiba akaomba lisomwe daftari halisi, nyuma ya ukurasa wa ajenda ya nne. Nikasikia mwandiko wangu ukisomwa na karani: "Baada ya hapo Bi Mwanaheri alikombolewa kwenye kiti kwa jogoo mmoja mwekundu na doti moja ya kanga, kama ilivyo desturi kwa watani. Akainuka, akavua kofia ya marehemu, akamkabidhi Marietha, akaenda kucheza ngoma." Sesilia, nilikuwa nimesahau kabisa! Siku ile ya fotokopi umeme ulikuwa unakwenda na kurudi, nikatoa pande za mbele tu nikasema zinatosha. Nakala iliyopelekwa mahakamani ilikuwa na nyumba, haikuwa na jogoo. Na ule ukurasa tuliokubaliana mie na wewe kuuangamiza ulibeba yote mawili, moja kifuani na lingine mgongoni.

Nikavuta pumzi. Mapema mno. Nilipopanda kizimbani mie, Godlisten alinijia taratibu, anatabasamu kama siku ya chapati. Akasema yeye ana wasiwasi na maneno hayo ya nyuma. Kwa nini hayamo kwenye nakala ya kwanza? Hayakuongezwa baada ya pingamizi? Halafu akaunyanyua ule ukurasa dhidi ya mwanga wa dirisha.

"Shahidi, ukurasa huu umechanika. Nani aliuchana?"

Nikamtazama Wahiba. Alikuwa anatazama kalamu yake. Nikajiambia, ndiyo ile chai! Kamwambia! Lakini nikaona, mdogo wangu, mchaniko ule hata kipofu angeupapasa. Ningeweza kusema ni mtoto. Ningeweza kusema ni panya. Nilikuwa nimeshika Biblia dakika tano zilizopita na mkono ulikuwa bado una jasho lake.

"Mie," nikasema.

"Kwa nini?"

"Nilitaka kuuondoa."

"Wewe, unayeomba kusimamia mali za ukoo, ulitaka kuharibu kumbukumbu za ukoo?"

"Ndiyo."

"Wazo lako, au kuna aliyekushauri?"

Nisamehe. Niliapa kusema kweli yote, na hiyo nayo ilikuwa kweli. Nikasema, "Mdogo wangu Sesilia. Alisema nichome, mie nikaona moshi utaonekana." Watu wakacheka. Hakimu hakucheka, aliandika. Akauliza jina linaandikwaje, anwani je. Nikasema Gaborone. Kwa hiyo jina lako limo kwenye mwenendo wa shauri, na nilitaka ulisikie kwangu kabla ya zile namba tatu kukuambia.

Godlisten alikaa akijua amenimaliza. Nami nilijua amenimaliza. Ndipo yule mzee wa usingizi akafumbua macho yote mawili, akaomba ruhusa ya kuuliza. "Hebu nieleweshe, mwanangu. Ulipotaka kuuchana, ulikuwa unajua nyuma kuna habari za jogoo?"

"Hapana mzee. Nilikuwa nimesahau. Niliogopa ya mbele."

"Sasa mtu aliyesahau kilichomo nyuma," mzee akamwambia hakimu, "atakuwaje amekiandika juzi ili kimwokoe? Na angekuwa amekiongeza, angeuchana ukurasa wake mwenyewe wa kumwokoa?" Akafumba macho tena. Wahiba hakuongeza neno. Hapo nikaelewa kwa nini siku ile alipopitisha kidole kwenye mchaniko hakunifundisha la kusema.

Uamuzi ulisomwa Jumanne iliyopita. Hakimu alisema maneno ya Bi Mwanaheri yalikuwa ya utani wa msibani, yakakombolewa hapohapo kwa mila, na mahakama haiwezi kuyafanya hati ya nyumba. Pingamizi likatupwa. Marietha aliinama akashika uso kwa ile kanga yake. Nami nilikuwa naanza kuinuka nimshukuru hakimu, kumbe hajamaliza. Akasema kuhusu usimamizi wa mirathi, Fransis Leonardi amesema kweli alipoulizwa, na hilo ni jema, lakini mtu aliyenyoosha mkono kuchana daftari la ukoo hawezi kukabidhiwa ukoo. Wazee wakaafiki wote wawili. Akamteua Marietha.

Nje, Brightson alinipa mkono, akasema ana siku thelathini za kukata rufaa mahakama ya wilaya. Anasema atafikiria. Ninazihesabu. Bi Mwanaheri alinipita akanichapa na mkongojo begani. "Wamakonde nyie, mmenisimamisha kizimbani na miguu yangu hii!" Nikamwuliza, "Bibi, kweli ulikuwa unaitaka nyumba yetu?" Akacheka mpaka akakohoa. "Ningeshinda ningehamia kesho yake," akasema. Mpaka leo naipindua sentensi hiyo, sijui ni ya mtani au ya mdai.

Wahiba nilimwomba radhi. Nilimweleza kuhusu ubao wa matangazo, chaja na kifungo. Akasema kile kifungo kilitoka siku ya pili, salama. Akaongeza kuwa afadhali mteja anayemshuku wakili wake kuliko anayempa karatasi tupu aliyokwisha kuisaini. Kisha akanigeuzia mgongo, akamkalisha Marietha kwenye kile kiti changu, akamfundisha kazi za msimamizi: kukusanya mali, kuziorodhesha, kupeleka orodha mahakamani, kugawa, kurudi kutoa taarifa.

Na mdogo wetu ameshika kazi, Sesilia, sikutegemea. Amenunua daftari jipya, hanionyeshi. Anakuuliza wewe kwa maandishi: ile redio ya baba na saa ya ukutani, ulipewa au ulichukua? Mjibu kwa upole, ana namna mpya ya kusubiri jibu. Mie aliniagiza niorodheshe patasi za baba nilizonazo kule Keko. Nikaandika saba. Akaisoma karatasi, akanitazama, akauliza kama niko tayari kuiapia. Nikamwomba kalamu, nikaandika tisa.

Nisalimie shemeji na watoto, mwambie mkubwa asiache Kiswahili. Wasalimie na Watanzania wa hapo kanisani kwenu. Baba mdogo Venance anakusalimu sana, anasema hatakuwa tena mwenyekiti wa kitu chochote kinachoandikwa. Marietha na wanawe wanakusalimu kutoka ndani ya nyumba hii, na wifi yako kutoka jikoni. Mungu akulinde kazini na njiani, akupe afya ya goti, na awape raha ya milele baba na mama.

Ni mie kaka yako nikupendaye, na hilo naweza kuliapia bila kuangalia dirishani,

Fransis